Diski za Jumatano

3 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, ila mama goti linamsumbua na ananuna kwa sababu nimempunguzia chumvi. Mume wangu mzima, yuko kibandani kwake anatengeneza saa za watu. Unamjua mkweo: ukimpa saa Jumatatu, utaifuata Jumatatu ya mwaka mwingine. Mtaa mzima unamwita Taratibu, na siku hizi hata mimi namwita hivyo hivyo.

Nakuandikia kwa sababu masikio yako na simu hayapatani. Nikikupigia naishia kupiga kelele hadi majirani wanajua mambo yangu, na hili la leo sitaki walijue.

Gari linatetemeka. Nikiwa kwenye mwendo nikakanyaga breki, usukani unanicheza mikononi kama ungo unaopepeta. Nikiachia, unatulia. Fundi wa hapa mtaani alifungua tairi la mbele, akatazama, akasema, "Diski zimeungua, mama. Kwani unateremka mlima gani?" Nikamwambia mlima gani tena, mimi natoka nyumbani naenda kiwandani, barabara tambarare kama meza. Akanitazama vile watu wanavyomtazama mwongo. Mjomba, mimi ni mkaguzi wa mishono. Kutwa kazi yangu ni kutafuta kasoro ambayo mshonaji anadhani sijaiona, na sikuzoea kuwa upande wa pili wa macho hayo.

Hebu nieleze hizo diski ni kitu gani, na zinaunguaje pasipo na mlima.

Ni mimi mpwa wako

*

15 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi nipo, nakula na kulala. Dada yangu mrudishie chumvi kidogo, mtu akinyimwa kila kitu atatafuta pa kupumulia. Gereji ipo, ingawa siku hizi naifungua nikijisikia. Magari bado yanashuka mteremko huu yakitoa moshi magurudumuni, na wenyewe bado wanadhani ni injini.

Diski ni sahani ya chuma iliyo nyuma ya rimu, inazunguka pamoja na tairi. Ukikanyaga breki, pedi mbili zinaibana huku na huku, kama unavyobana sarafu kati ya vidole. Mwendo wa gari haupotei hivi hivi, unageuka joto, na joto lote hilo linabebwa na diski. Ikipewa nafasi inapoa kwa upepo. Isipopewa nafasi, inaungua, pedi zinaacha mabaka juu yake, inakuwa nene hapa na nyembamba pale, na wewe unaisikia kwenye usukani.

Chukua tochi, chungulia kati ya matundu ya rimu. Ukiona kutu nyepesi baada ya mvua, iache, itafutika ukikanyaga breki mara ya kwanza. Tafuta mabaka ya bluu kama shingo ya njiwa. Pitisha ukucha, gari likiwa limepoa kabisa, uone kama ukingoni pamebaki tuta. Hilo tuta ndilo unene wa zamani, na palipobonyea ndipo palipoliwa. Na usimwagie maji diski yenye moto hata siku moja, utaipinda.

Kabla hujamlaumu mtu, tazama kwanza.

Mjomba wako

*

2 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mama goti limepona ghafla, siku hizi anatembea kama msichana na anaimba akiosha vyombo. Nimemrudishia chumvi. Taratibu anakusalimu, au tuseme nimeandika tu kwamba anakusalimu, maana sijamwambia kwamba nakuandikia.

Nimetazama. Bluu ipo, upande wa kushoto na wa kulia. Tuta lipo, ukucha umekwama.

Sasa nisikilize. Umeandika "kabla hujamlaumu mtu." Mjomba, mimi sikumtaja mtu. Nilitaja gari. Huyo mtu umemtoa wapi?

Kwa sababu mtu yupo. Jumatano sisi wakaguzi tunachukuliwa na basi la kampuni kwenda kiwanda cha pili, kwa hiyo gari linashinda nyumbani. Jumatano iliyopita niliporudi, nilipita kando yake nikahisi joto mguuni. Nikasogeza kiganja kwenye rimu, bila kugusa. Moto kama pasi! Nikamuuliza Taratibu, akasema, "Labda ni jua." Gari lilikuwa kivulini tangu asubuhi. Nikaingia ndani ya gari, nikagonga magoti kwenye usukani. Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele hadi mwisho! Unajua miguu ya mume wangu, ni mirefu kama ngazi ya fundi umeme. Hata akijikunja mara mbili hawezi kuendesha na kiti kile.

Kwa hiyo ni mtu mfupi. Jumatano alasiri Taratibu hufunga kibanda, anasema anapumzisha macho. Kuna mwanamke mfupi anapumzishwa ndani ya gari langu, Mjomba, na anapelekwa milimani. Kumbe ndiyo maana wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Jambo jingine. Mwandiko wako umebadilika. Zamani ulisimama wima, huu umelala chini kama nyasi zilizokanyagwa. Nani anakuandikia?

Mpwa wako

*

9 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba, na samahani kwa kuchelewa. Kulikuwa na hili na lile. Huku mvua zimeanza na mteremko unateleza. Jirani yangu muuguzi ananiletea uji asubuhi, ananisimamia hadi nimalize.

Ninajiandikia mwenyewe. Unajua mimi ni wa mkono wa kushoto. Nimeamua kuufundisha kazi wa kulia, maana umekaa bure maisha yake yote.

Habari ya kiti sina la kusema. Mimi ni fundi wa breki, si wa viti.

Habari ya diski ninalo. Zibadilishe, na uzibadilishe kabla mwezi huu haujaisha. Kama zingekuwa na nyama ya kutosha, ningesema zikerezwe zinyooke, lakini tuta likishika ukucha hakuna cha kukereza. Ukingoni mwa diski pamegongwa namba ya unene wa mwisho, mwambie fundi apime mbele yako. Usikubali abadilishe moja, ni mbili kwa pamoja, kushoto na kulia, pamoja na pedi mpya, la sivyo gari litavuta upande. Asugue kutu pale diski inapokalia, maana uchafu mdogo hapo ni mtetemo mkubwa barabarani. Mafuta ya dukani yaliyopakwa kwenye diski mpya ayafute yaishe. Na nati azikaze kwa kuvuka, hii kisha ya upande wa pili, asizifuate kwa mzunguko.

Nakusihi, usiahirishe.

Mjomba wako

*

20 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nyumbani wazima, angalau kwa kuwatazama.

Barua yako nimeisoma kama ninavyosoma mshono: nimeigeuza upande wa ndani. Miaka yote kauli yako ni "pole pole, chuma hakina haraka." Leo diski zangu zimekupa haraka gani? Mimi naendesha tambarare, ningeweza kungoja hata miezi. Isipokuwa unajua kwamba gari langu linapelekwa pasipo tambarare. Unajua, Mjomba. Mnajuana. Wanaume mkishaamua kusitiriana, hata mjomba humsahau mpwa wake.

Nilimuuliza mama kama ameona mtu akija hapa Jumatano. Akasema, "Mwanamume mpole ni wa kushukuru Mungu," kisha akakumbuka kitu jikoni. Jikoni hapakuwa na kitu, nilikwenda nikatazama. Nadhani anamhurumia binti yake na hajui aanzie wapi.

Nguo za Taratibu nimezipanga kwenye begi. Liko nyuma ya mlango. Hajaliona, au ameliona na ananyamaza kama kawaida yake. Nimeishi naye miaka yote hii nikidhani utulivu wake ni nyumba yangu, kumbe nilikuwa nje. Inauma, Mjomba. Inauma hata nikiwa kazini na kitambaa cha mtu mkononi.

Na diski sinunui. Sitamtengenezea mwanamke mwingine breki. Jumatano ya wiki ijayo nitaomba ruhusa kazini, nitajua mbivu na mbichi, na begi litatoka.

Mpwa wako

*

27 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Salamu nyingine tutapeana baadaye, barua hii nimempa dereva wa basi aikimbize.

Begi lirudishe kabatini. Hasira yako ipe likizo.

Nimeahidi kufunga mdomo, na mtu mzima hali matapishi yake, lakini sitakaa kimya nyumba ivunjike. Ukienda kuvizia, usianze na uso wa dereva. Tazama taa nyekundu za nyuma. Gari likiwa linapanda mlima, ambako hakuna haja ya breki, na taa bado zinawaka, basi mguu huo naujua. Na wewe unaujua. Diski zako zilinisimulia tangu barua yako ya Machi.

Kisha badilisha hizo diski. Kwa ajili ya mguu huohuo, nakuomba. Breki zikipata moto kupita kiasi, unakanyaga na gari haliitikii. Mimi nimeyapokea magari ya namna hiyo chini ya mteremko huu, na si yote yaliyofika na watu wazima.

Mjomba wako

*

5 Mei

Mjomba,

Shikamoo.

Barua yako ilinifikia Jumanne. Jumatano nikaenda kukaa saluni, ile iliyo njia panda ya kwenda machimbo ya mawe, kwa kuwa ndicho kilima pekee cha karibu. Ili nisishukiwe ikabidi nitengenezwe nywele. Nilikuwa na rola kichwa kizima gari langu lilipopita.

Nilitazama taa kama ulivyosema. Lilipanda kilima chote taa zikiwa nyekundu, Mjomba, linavutana na nafsi yake kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Nikangoja ligeuze. Liliporudi, nikatoka nje na rola zangu nikasimama katikati ya barabara. Likasimama kwa kutetemeka, harufu ya kuungua ikanipiga puani.

Nyuma ya usukani alikuwa mama. Ameukumbatia kama pipa. Pembeni yake Taratibu, mkono mmoja kwenye kishikio cha juu ya mlango, jasho linamtiririka, na usoni utulivu uleule. Mama akashusha kioo, akaniangalia juu hadi chini, akasema, "Nywele zako hazijakauka."

Mimi ndiye niliyemnyang'anya ufunguo alipogonga nguzo ya geti. Nilisema hataendesha tena maishani mwake, na nikadhani limekwisha.

Nyumbani waliniambia yaliyobaki. Kwamba ulipata kiharusi mwezi wa kwanza. Kwamba upande wa kushoto umelegea, na ndiyo sababu ya mwandiko ule. Kwamba muuguzi ndiye aliyempigia mama simu, na mama akaapa atakuja kwako kwa mikono yake mwenyewe, hatangoja kupelekwa. Kwamba wewe ndiye uliyesema nisiambiwe.

Nililia, Mjomba. Nilikulilia wewe, nikajililia na mimi. Watu watatu ninaowapenda kuliko wote walikaa wakakubaliana kwamba mtu wa kuogopwa ni mimi. Nimefanya nini?

Begi Taratibu alikuwa ameliona tangu siku ya kwanza. Nilimuuliza kwa nini hakusema kitu. Akasema, "Nilijua utalifungua mwenyewe. Na niliahidi." Sijui nimpige au nimkumbatie. Kwa sasa namkwepa tu.

Mpwa wako

*

16 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba, mwanangu. Mimi hali yangu inarudi. Natembea kwa mkongojo hadi kwenye benchi la gereji, na juzi nimefungua nati moja kwa mkono wa kulia. Muuguzi alipiga makofi, nikamwambia asinizoeshe vibaya.

Umeuliza umefanya nini. Nitakujibu, kwa kuwa umeuliza. Mwaka ule nilipougua homa, ulikuja na gari la wagonjwa, dalali wa kuuza gereji, na mtu wa kupima kitanda changu kama kitaingia kwenye chumba chako cha uani. Homa ilipona kesho yake. Unapenda kwa nguvu, mpwa wangu. Mtu akikwambia anaumwa kidole, jioni anajikuta amehamishwa kama kabati. Nilitaka kuugua kwangu, kwenye harufu yangu ya grisi, na dada yangu alitaka kuja kama dada, si kama mzigo kwenye kiti cha nyuma. Hatukukuchukia hata siku moja. Tulikuonea haya kidogo, na tukakuogopa zaidi kidogo. Hapo tulikukosea, na machozi yako yameniuma.

Sasa kuhusu mguu. Gari la baba yetu lilikuwa likizimika kila ukiinua mguu kwenye mafuta. Kwa hiyo ukisimama ilibidi mguu wa kulia ubaki kwenye mafuta na wa kushoto ukae kwenye breki. Nyumba nzima tulijifunza hivyo, tukidhani ndivyo dunia inavyoendesha. Mimi gereji ilinifuta tabia hiyo, dada yangu hakuna aliyemfuta. Ukimpa gari la otomatiki, mguu wa kushoto unajikuta hauna kazi, unakwenda kujiegesha pale unapopajua. Haukanyagi, umepumzika tu, na pedi zinalamba diski safari nzima. Uliponiandikia bluu pande zote mbili na kiti kilichosogezwa, nilicheka peke yangu hadi uji ukanipalia.

Lakini mteremko huu hauchekwi. Akija na mguu ule na diski zile, hafiki. Lugha nyingine sina. Aidha umkataze, na atakuja kwa siri, unamjua, aidha umtengeneze yeye na gari pamoja. Akifika kileleni aweke gia ya chini, namba mbili, injini ishike gari. Breki akanyage kwa uzito, apunguze mwendo, aachie kabisa zipumue, halafu tena. Asiishikilie.

Uamuzi ni wako. Ufunguo unao wewe.

Mjomba wako

*

11 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Barua hii fupi. Anayekukabidhi ndiye dereva.

Diski ni mpya, mbili, na pedi zake. Fundi alipima za zamani mbele yangu, zilikuwa zimepita namba ya mwisho. Aliniuliza tena ni mlima gani, na safari hii nilimjibu. Nilimsimamia kwenye kutu, kwenye mafuta, kwenye nati za kuvuka, hadi akauliza kama nakagua magari siku hizi. Kisha tukakaa wiki kadhaa tukizizoesha, mama usukanini na mimi pembeni: tunakimbia kiasi, tunapunguza bila kusimama, tunaacha zipoe, tunarudia. Sikupiga kelele, isipokuwa kwenye mzunguko wa soko.

Mguu wa kushoto ulitushinda kwa maneno. Taratibu ndiye aliyepata dawa. Amemvua kiatu cha kushoto. Kila mguu ukienda kwenye breki, pedali inauma unyayo, mama anakumbuka. Kwa hiyo anaondoka hapa na kiatu kimoja. Kile kingine kiko kwenye mkoba.

Nilitaka kuja. Nilishafungua mlango wa nyuma, nikashika na begi, lile lile la nyuma ya mlango. Taratibu akaniangalia tu. Nikaufunga mlango, nikampa mama ufunguo mkononi, nikarudi ndani. Nimekaa mezani nakuandikia huku wanawasha gari, na barua hii nitampitishia dirishani. Jambo gumu kuliko hili sijawahi kulifanya.

Wakifika, kabla hamjakumbatiana, sogeza kiganja kwenye rimu ya mbele. Uniambie ukweli.

Mpwa wako

*

14 Juni

Mpwa wangu mpenzi,

Marahaba. Nyumba yangu imejaa. Dada yangu ameshagombana na muuguzi kuhusu uji, na mumeo ameifungua saa yangu ya ukutani. Nimekubali kwamba sitajua saa ngapi hadi mwakani.

Walifika alasiri. Nilikuwa kwenye benchi. Nililiona gari tangu kule juu, kwenye kona ya mwisho, nikatazama taa za nyuma lilipokata kona. Zikawaka, zikazimika. Kitambo. Zikawaka tena, zikazimika. Nimekaa chini ya mteremko huu miaka yote hii nikisikiliza breki za watu wengine, na sikuwahi kuomba dua kwa ajili ya taa.

Umetaka ukweli kuhusu rimu. Sikushika. Fundi mzima, na umeniagiza kwa maandishi, nikasahau. Mumeo ndiye aliyeinama akasogeza kiganja, akakaa vile kwa utaratibu wake hadi nikadhani amelala, kisha akasema, "Vuguvugu."

Mimi nilikuwa nimeshaondoka kwenye benchi, na mkongojo nimeuacha. Dada yangu alishuka bila kukumbuka mkoba. Ua wangu unaujua, una mawe na misumari. Akaja akichechemea kwa kiatu chake kimoja, mimi nikaenda nikichechemea kwa mguu wangu mmoja, tukakutana katikati, penye doa la mafuta.

Amesema Jumatano atarudi kukuchukua. Panda mbele, na uje na mikono mitupu.

Mjomba wako